Oili Niliyopima Mteremkoni

Haya, Mkono-Grisi wangu, futa vidole kwanza ndipo ushike gazeti, maana toleo lililopita mmoja wenu alilirudisha jeusi hata picha ya gari haionekani. Leo sina swali la plagi wala la tairi. Nina barua moja tu, imetoka milimani Ukata, imeandikwa kwa penseli mbele na nyuma, karatasi nne, na nimeisoma mara tatu nimesimama. Majina nimeyabadilisha. Mengine yote ni yake mwenyewe. Sikiliza.

*

Mpendwa Mshauri wa Magari, nakuandikia nimeegemea boneti maana nikikaa ndani nashindwa, naomba msaada wako, na safari hii si wa spana, ni wa mdomo, kwa sababu mdomo wangu ndio uliokwama.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na moja, naendesha pikapu ya Baba Mdogo Nazari, mkulima wa kahawa hapa Ukata, aliinunua ikiwa kuukuu mwaka juzi, mwaka 1952, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na kila Ijumaa nashuka nayo Mbamba Bay na maharage, narudi na abiria na usipa wao, wale dagaa wa ziwani, wa kuuza soko la Mbinga siku hiyohiyo. Udereva nilifundishwa, lakini ufundi hakuna aliyenifundisha, nimejifunza kwa kufungua na kufunga, na kwa kusoma gazeti lako hili, Mungu akubariki.

Sasa mwezi uliopita oili ilikuwa nyeusi kama masizi, nikamwambia Baba Mdogo, hakuna haja ya kulipeleka gari Songea kwa fundi, nabadilisha mwenyewe hapa nyumbani, akanitazama sana, akasema, "Ukiniulia gari, Egidi, utabeba kahawa mgongoni," lakini akanunua galoni moja ya oili. Na wewe unajua huku kwetu hakuna uwanja, nyumba yenyewe imechimbiwa mlimani, na jeki sina, nikafikiri sana, nikaona pembeni ya nyumba kuna ngolo za mwaka jana, yale mashimo tunayolimia mlimani ili mvua isibebe udongo, shamba limepumzika, basi nikaiingiza pikapu taratibu, magurudumu huku na huku juu ya matuta, shimo katikati, nikalala mle ndani kama kitandani, injini juu ya uso wangu, ee Mshauri, nilijiona fundi mkuu wa Tanganyika nzima!

Nikafungua nati ya chini, oili ikatoka, nikaikinga kwenye debe, Mama Mdogo Kalista alikuwa anasubiri na kata mkononi, akaichota yote akaenda kupaka nguzo za ghala zisiliwe na mchwa. Nikafunga nati, nikamimina mpya, nikachomoa kile kijiti cha kupimia, inaonyesha imejaa, na kwenye galoni imebaki nusu nzima! Nikamwonyesha Baba Mdogo, alifurahi huyo, akaibeba ile nusu galoni akawa anapita nayo kwa majirani, "Kijana wangu huyu anajua kubana oili, mafundi wa Songea walikuwa wananiibia."

Ijumaa nikashuka ziwani, mteremko tupu, gari linaimba. Kurudi, nimepakia watu tisa na vikapu, na nyuma ya kichwa changu, palepale anapokaa siku zote, amekaa Mama Emerensiana, mama wa Kinyasa wa kule Mbamba Bay anayeuza usipa, ni mtu wa rika la mama yangu. Tumeanza kupanda mlima, nasikia anapiga bati la juu, ko ko ko.

"Dereva, simama."

"Kuna nini, mama?"

"Humo ndani kuna mtu anatwanga."

Abiria wakacheka, mmoja anaitwa Frederick, mchuuzi wa nguo, akasema, "Mama anasikia njaa, anasikia kinu." Nami nikacheka, ndiyo, nami nikacheka, nikasema, "Mama, gari halitwangi, ni mlima tu," nikakanyaga mafuta. Saa ya oili, ile ya kuonyesha nguvu ya oili mbele ya dereva, ilikufa zamani, haionyeshi kitu, kwa hiyo sikuwa na cha kunishtua.

Tulipofika kona moja gari limechoka linaenda polepole kama mtu, yule mama akaruka chini, na kitenge chake na miaka yake yote, akakimbia mbele, akakaa barabarani. Amekaa chini kabisa, miguu ameinyoosha! Nikafunga breki. Nikashuka nimekasirika, nikasema, "Mama, shikamoo, lakini utaumizwa!" Akasema, "Marahaba, mwanangu. Nimepanda gari hili tangu mvua za kwanza, naijua sauti yake. Leo si yake. Fungua utazame, kisha unikanyage ukitaka."

Frederick anapiga kelele soko litampita, wengine wanasema mwondoe, lakini mama hanyanyuki, nikaona aibu, nikairudisha pikapu kinyumenyume mpaka penye kona iliyo sawa, nikazima, nikangoja kidogo, nikachomoa kijiti. Kikavu, Mshauri. Kikavu! Nchani tone moja tu. Nikakifuta, nikapima tena, tone lilelile.

Sikuwa na oili, ile nusu galoni iko Ukata inaonyeshwa majirani. Mama Emerensiana hakunicheka, hakusema nilikuambia, alishusha kikapu chake kimoja cha usipa, akajitwika, akapanda njia ya mguu mpaka kwa Bernadi, mwenye mashine ya kusaga mahindi, anamfahamu, na baada ya saa mbili karudi bila kikapu, kichwani ana kopo la oili, jasho linamtiririka, na akaniletea swali kutoka kwa Bernadi: "Anauliza ulipoipima, gari lilikuwa limekaaje?" Hapo ndipo kichwa kikafunguka. Lilikuwa limelala upande wa bondeni, na kijiti kiko upande huohuo wa bondeni, oili yote imekimbilia huko, kijiti kinaona bahari kumbe ni kikombe. Nikamimina, nikawasha, ile sauti ya kutwanga ikapungua, ikapotea. Nilianza kumshukuru, akanikatiza. Akasema, "Mimi usinishukuru, nilitaka kufika sokoni. Mwambie mwenye gari."

Na hapo ndipo nilipoharibu. Tumefika Mbinga tumechelewa, mama ameruka na kikapu kilichobaki kukimbilia sokoni, Baba Mdogo amekuja anatungoja pale, na kabla sijashuka Frederick ameshasema, "Mama mmoja wa ziwani alikaa barabarani katuzuia zaidi ya saa mbili." Basi. Hakusema kingine. Baba Mdogo akawaka, "Huyo asikanyage tena gari langu, na vikapu vyake vinavyonuka!" Kisha akanishika bega mbele ya watu wote, "Lakini huyu kabadilisha oili mwenyewe, kabakiza nusu galoni, msimu wa kahawa sitafuti tena dereva mwingine, usukani ni wake," watu wakapiga makofi, nami nikatazama viatu vyangu. Nilitaka kusema, Mshauri, naapa, neno lilifika kwenye meno.

Ijumaa iliyofuata nilimkuta palepale anaponingojea, vikapu viwili. Nikamwambia, "Mama, Baba Mdogo amekataza." Hakuuliza kwa nini. Akasema tu, "Oili umepima leo?" Nikasema nimepima. "Mahali palipo sawa?" Ndiyo, mama. "Basi nenda salama." Akajitwika, akaanza kupanda mlima kwa miguu, nami nikampita na gari aliloliokoa yeye.

Sasa nifanye nini? Nikisema, usukani unakwenda, na nimeungoja maisha yangu yote. Nisiposema, kila Ijumaa nitampita. Namshukuru mama yule kuliko ninavyoweza kuandika, lakini shukrani yangu imekaa tumboni kama jiwe. Nisaidie.

Wako, Egidi, Ukata.

*

Egidi, kaka yangu, kwanza nikupe mkono. Umelala ndani ya ngolo ukafungua injini ya watu bila jeki, bila mwalimu! Mimi mwenyewe fundi wangu wa kwanza alikuwa baiskeli iliyovunjika, najua raha ile. Na asante kwa kuandika ukweli, hukujipaka sukari hata mahali pamoja.

Sasa nyamaza nikuseme.

Umekosa mara mbili, na kosa la kwanza ni dogo. Gari likilala upande, kijiti kinasema uongo, mafundi wengi wa milimani wameumia hapo, na mimi nimo. Lakini wewe ulikuwa na shahidi mwingine ukamwacha apakwe kwenye nguzo! Ile oili chafu. Kabla Mama Mdogo hajaichota, ungeipima kwa galoni lilelile. Kama imetoka galoni, iingie galoni. Ikibaki nusu, usifurahi, shtuka! Injini haina tabia ya kubana.

Siku nyingine fanya hivi. Washa gari lipate moto kidogo, zima, ndipo ulipeleke juu ya ngolo, maana oili ya uvuguvugu inatoka na uchafu wake. Angalia vidole, inaunguza. Weka mawe kwenye magurudumu, siyo jiwe moja, manne, nawe uko chini. Kinga yote, usimwage shimoni, maji ya ngolo yanashuka kwenye kijito wanachochota akina mama. Pima kilichotoka. Funga nati, tazama washa yake, ile pete ndogo chini ya nati, isiwe imekatika. Mimina. Halafu toa gari mle, lipeleke uwanja wa kanisa au popote mpira hauviringiki wenyewe, liwashe kidogo, zima, hesabu taratibu mpaka mia tatu, futa kijiti, ingiza, chomoa, soma. Tazama na chini kama kunadondoka. Hapo ndipo umebadilisha oili. Na ile saa iliyokufa itengenezwe kabla ya kahawa, sikuombi, nakuambia.

Kosa la pili ndilo kubwa, nalo halina spana. Yule mama alikaa barabarani mbele ya magurudumu yako. Wewe ulitakiwa kusimama tu mbele ya baba yako mdogo, ukashindwa. Alitoa kikapu chake kwa ajili ya injini ambayo si yake, kisha akapanda mlima kwa miguu akikuuliza habari za oili! Egidi! Mimi nisingelala.

Tena unasema unamshukuru. Shukrani iliyokaa tumboni bado haijamfikia mtu.

Kwa hiyo sikiliza, fanya leo, usingoje Ijumaa. Mwite Baba Mdogo, mwamkie vizuri, mwombe alete ile nusu galoni anayojivunia. Mpeleke kwenye ngolo, liweke gari kama lilivyokuwa siku ile, chomoa kijiti, mwache asome mwenyewe. Kisha lisogezeni mahali palipo sawa, chomoa tena, asome tena. Usimhubirie, macho yake yatamwambia. Halafu sema kwa maneno haya haya: "Baba Mdogo, nusu galoni hii ndiyo iliyokosekana ndani ya injini, na aliyeliokoa gari ni Mama Emerensiana, yule uliyemkataza, nami nilinyamaza." Basi. Usimtaje Frederick, yeye alisema alichokiona, wewe ndiye uliyekuwa unajua.

Usukani ukienda, uache uende. Utarudi. Mwenye gari anayeona dereva wake anasema ukweli unaomuuma yeye mwenyewe, huyo hapati usingizi mpaka amrudishie ufunguo. Na kama hatarudisha, njoo kwangu, nina spana mbili na moja haina mwenyewe.

Kisha mshukuruni yule mama palepale alipochekwa, mbele ya abiria walewale, kwa jina lake, na sauti isikike mpaka nyuma. Akisema alitaka tu kufika sokoni, mwache aseme. Mshukuruni hivyohivyo.

Nami namshukuru kutoka huku mbali, maana tangu nisome barua yako nimeanza kuzima redio nikiwasha gari, nasikiliza kwanza.

Na wewe, Mkono-Grisi unayesoma umetulia tu, usidhani umepona. Fikiria wewe ndiye Egidi, Ijumaa imefika. Pikapu imesimama pale Mbamba Bay, kiti cha mbele kando ya dereva kinatosha mtu mmoja, na Baba Mdogo Nazari, kwa sababu safari hii amekuja kujionea mwenyewe, ameshakikalia. Mama Emerensiana yuko chini na vikapu vyake viwili, anaangalia nyuma kutafuta nafasi yake ya siku zote, nako kumejaa. Ufunguo uko mkononi mwako.

Wewe ungemwambia nani ashuke?