Nilidhani Amefunga Sitta

Bububu,
Jumapili, 20 Aprili 2025. Mvua tangu alfajiri, upepo hakuna.

Kwa rafiki yangu Salhiya,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Kiwengwa, wewe na watoto. Mimi maradhi sina. Wazee wa hapa kwenye nyumba yetu ya kulelea wazee wanakusalimu. Mzee Makungu bado hataki mtu akikalie kiti cha bibi yako.

Siku ya maziko ulinishika mikono ukanishukuru mbele ya watu, ukasema nilimuwahisha bibi yako Bi Wanu hospitali. Tangu hapo simu nimeishika mara tatu, nikaiweka. Barua hii anakuletea shemeji yangu Mkubwa leo hii.

Unajua alivyofunga Ramadhani nzima, na umri ule, akitutania sisi walezi kuwa tumefunga midomo lakini macho yanakula. Baada ya Idi, Jumatatu tarehe saba, alikisukuma kikombe cha uji. Nikamuuliza kama amefunga Sitta, zile siku sita za Mfungo Mosi. Akafumba macho, nikaona ndiyo. Kwenye daftari la zamu nikaandika neno moja: amefunga. Niliona fahari, kama nimefunga mimi.

Jumanne akaniita kwa jina lako, na leso kaivaa juu chini. Tukacheka. Fathiya wa zamu ya jioni akaniambia bibi futari haigusi, anaonja chai tu, na mkojo umekuwa mdogo, wa rangi nzito. Nikamwambia wazee ndivyo wanavyofuturu, asimsumbue. Fathiya ni mgeni wa kazi, akanisikiliza.

Jumatano mchana nilimwamsha, hakuamka. Hospitali daktari akaniuliza yuko hivi tangu lini. Nikasema tangu asubuhi ile. Akanipoza kuwa maradhi ya mkojo kwa wazee mara nyengine hupanda ghafla, hakuna wa kulaumiwa. Alhamisi akafariki.

Tulifundishwa kuwa mzee akibadilika, hata kwa jambo dogo, liripotiwe siku ile ile. Kesho nampelekea msimamizi wetu, Bi Shadya, shajara yangu, ile uliyokuwa ukinichekea tangu sekondari. Nimetaka ujue wewe kwanza. Radhi siombi kwa karatasi. Nitakuja mwenyewe, na ukinifungia mlango nitaelewa.

Ya Jumanne nakunakilia kama ilivyo:

“Manyunyu asubuhi. Bi W. kaniita Salhiya. Midomo mikavu, mkojo mdogo, siku haijui. Nimtazame kesho. Nimelala saa nne kasorobo.”

Wabusu wanao.

Mwenzio,
Shahida Nahodha