Huyo Grace wa Daftari Lako

Zablon,

Wanawake wa kambini wanasema mtu akishakufa haulizwi maswali, anaombewa tu. Mimi nimekuombea miezi kumi. Leo nataka kukuuliza, na ingawa jibu nimeshalipata, nitakuuliza hivyo hivyo, kwa sababu wivu niliokuwa nao juu yako haukuzikwa na wewe. Wivu huo ulibaki nyumbani na mimi, ukawa unakula chakula changu.

Kwanza habari. Mtoto alizaliwa wiki tano baada ya kukuzika. Ni msichana. Alizaliwa saa nane mchana, mvua ya mawe ikichana majani ya chai huko nje, na nikamwita Akoth kama watu wetu wanavyowaita waliozaliwa mvuani. Ana meno mawili ya chini na ameanza kusimama akishika ukingo wa kitanda. Paji la uso ni lako lote, hata ule mkunjo wa mtu anayefikiria jambo kubwa, kumbe hafikirii chochote. Nyumba ya karani walinitoa mwezi ule ule. Sasa nakaa kambini kwa wachumaji, nyumba ya tatu ukitoka mtoni, na mimi mwenyewe nachuma chai na mtoto mgongoni. Mizani yako anaishika Ezra, yule Mmaragoli mliyekuwa mkisoma pamoja. Anasoma ratili kwa sauti ya chini sana hata mtu hajui kikapu chake kimesemwa nini. Wewe ulikuwa ukiita hadi ng'ambo ya bonde wanasikia.

Lakini Akoth hana jina la ubatizo mpaka leo. Pasta amekuja mara tatu, na mara zote nimemwambia bado. Watu wanafikiri ni huzuni. Wewe unajua si huzuni. Ulipolala na kile kichomi ulinishika mkono ukasema, "Peres, akiwa msichana, mwite Grace." Nikasema ndiyo. Mtu akitafuta pumzi namna ile unamkubalia chochote. Nilifikiri ni jina zuri tu ulilolisikia kanisani.

Halafu, siku tatu baada ya mazishi, nikafungua sanduku lako nikakuta daftari.

Nililichukia daftari lile hata ukiwa hai, hilo unalijua. Kila Jumamosi baada ya mizani mlikuwa mkienda, makarani wote, kwenye darasa la Mwalimu Kipkoech pale shule ya misheni. Mwaka ule mlifika kwenye sentensi za "kama". Ulinieleza ukiwa umevimba kifua kwamba Kiingereza kina njia yake maalum ya kusema mambo ambayo hayapo. Nikakuambia hata Kiswahili kinayo, hata Kijaluo kinayo, na mama yangu anayo zaidi ya wote akianza kulalamika. Ukacheka. "Lakini hii ya Kiingereza, Peres, ndiyo inapandisha mtu ofisini." Basi ukawa ukinyoa ndevu unasema "if I were", yaani "kama ningekuwa". Njiani kwenda kiwandani, "if I were". Asubuhi moja nilikuletea uji, ukaupokea bila kuniangalia, ukauambia uji "if I were" kwa upole ambao mimi sijawahi kuupata tangu tuoane. Niliondoka nikaenda kupasua kuni, nikapasua nyingi kuliko tulizohitaji.

Nilikuwa na mke mwenza asiyelima wala kupika, na bado yeye ndiye aliyepewa Jumamosi zako zote.

Kiingereza sijui kukisoma, lakini Kiswahili nilisomeshwa darasa la ubatizo, na jina la mtu ni jina la mtu katika lugha yoyote. Grace. Ukurasa wa kwanza, Grace. Wa pili, Grace mara nne. Nilifuata kwa kidole hadi mwisho wa daftari na alikuwa kila mahali, kama magugu kwenye shamba lililoachwa. Kisha nikalitafuta jina langu. Nilirudia mara mbili, nikasema labda nimeruka. Halikuwemo. Zablon, hata mara moja halikuwemo! Nilikuwa bado sijafua nguo zako za ugonjwa.

Nilianza kumtafuta huyo mwanamke. Kanisani nilikaa nyuma ili niwaone wote. Nikauliza huku na huku, kwa ujanja, na nikaambiwa Grace ninayeweza kumfikia kwa miguu ni mmoja tu, anauza ndizi soko la Kericho. Nikaenda na moto wangu, tumbo mbele. Nikakuta bibi kizee, hana jino hata moja la mbele, anamwita kila mtu mjukuu wangu. Hata yeye nilimtazama mara mbili. Nilinunua ndizi zake huku nikimchungulia mikono, kama ni mikono ambayo ungeweza kuishika.

Siku hiyo hiyo nilikuwa nimebeba karatasi. Nilikuwa nimenakili sentensi mbili, herufi kwa herufi, kutoka kwenye daftari. Karani mmoja wa duka akanisomea kwa Kiswahili bila kujua ni za nani. Ya kwanza: "Kama Grace angekuja Jumamosi, ningefurahi sana." Ya pili: "Kama nisingeoa mapema, ningefika mbali." Akanirudishia karatasi akitabasamu. Nilirudi kwa miguu, na sijui nilipitia wapi.

Ulitaka ufike wapi, Zablon? Ni mimi niliyekushika mguu?

Nikaapa kwamba mtoto wangu hataitwa jina la mwanamke wako. Nitamwita Dorka kama mama yangu, na wewe utanyamaza huko uliko. Niliapa hivyo nikiwa na tumbo, nikaapa tena nilipojifungua, na kila Pasta alipokuja niliapa upya. Lakini kinywa changu hakikuweza kusema Dorka mbele yake, ndiyo maana nikawa nasema bado. Kwetu neno la mtu anayekufa haliachwi hivi hivi. Wiki iliyopita mtoto akapata homa, na mama yako akatuma ujumbe kutoka nyumbani, maneno machache tu: "Baba yake alisema aitweje?" Nikaelewa anachomaanisha, kwamba homa imetoka kwenye jina lile. Na Pasta ametangaza kwamba Jumapili hii anabatiza kwa mara ya mwisho, anahamishwa. Ikawa lazima nichague, kuvunja ahadi niliyompa mtu wa kufa, au kumwita mwanangu kila siku kwa jina linalonichoma.

Leo Jumamosi asubuhi nilibeba daftari nikaenda kwa Mwalimu Kipkoech kabla makarani hawajafika. Unamkumbuka, hana mzaha. Nililiweka mezani nikasema, "Nionyeshe huyu mwanamke anakaa wapi."

Alifungua, akasoma, akaanza kucheka. Kisha akamwona mtoto mgongoni, akaacha. "Mama," akasema, "huyu si mtu."

Akaenda rafuni akaleta madaftari ya wengine, akayapanga mbele yangu. La Ezra, Grace. La karani wa stoo, Grace. Yote, Zablon! Kama kila mke angefungua sanduku la mume wake, kambi nzima ingelia. Hata ile ya kuoa mapema ilikuwa kwa kila mtu, maana ni Mwalimu aliyeiandika ubaoni, na yeye mwenyewe hajaoa mpaka leo.

Akanieleza. Mwanzoni aliwaacha mtumie majina mnayoyajua. Wewe ukaandika kwamba kama Ezra angekuwa mkweli, mizani isingesema uongo, na mkashikana mashati hapo hapo darasani. Hukuniambia hilo, uliniambia shati lilinaswa na waya wa ua. Halafu karani wa stoo akaandika kwamba kama Bwana Meneja angekuwa mwema, angetupatia sabuni, akalisahau daftari juu ya magunia. Meneja akalikuta. Kumbe katika shamba zima yeye ndiye aliyejua kile Kiingereza kuliko ninyi nyote. Yule karani alishinda wiki nzima kwenye mvua akihesabu magunia yaliyokwisha kuhesabiwa. Tangu siku hiyo Mwalimu akatoa amri: chagueni jina ambalo hakuna mtu wa shamba hili analo. Mkachagua Grace.

Nilicheka, Zablon. Nilicheka mpaka mtoto akashtuka akaanza kulia, nami nikalia naye, na Mwalimu maskini akatoka nje akasimama akiangalia mikaratusi kana kwamba anaikagua. Miezi kumi! Nimemkasirikia bibi wa ndizi miezi kumi.

Lakini wivu una miguu mingi. Aliporudi nikamuuliza, kama ni jina la mazoezi tu, kwa nini mume wangu akatae kufa kabla ya kumpa mtoto wangu? Mwalimu akalichukua tena daftari, akafungua kurasa za nyuma. Akaniambia wenzako wote waliishia pale somo lilipoishia. Wewe uliendelea mpaka kwenye gamba. "Hizi sikuwapa mimi," akasema, na akanisomea polepole kwa Kiswahili.

Kama Grace angekuwa amezaliwa, ningempandisha kwenye mizani tuone uzito wake.

Kama Grace angekuwa na miaka sita, angeenda shule, ingawa ni msichana.

Kama Grace angepotea katikati ya chai, ningemwita mpaka ng'ambo ya bonde, huko Roret, wasikie.

Kama Grace angefanana na mama yake, nyumba ingekuwa na kelele, nami ningefurahi.

Na ya mwisho, mwandiko wake umelala, naona uliiandika kitandani nilipotoka kuchota maji: Kama nisingekuwepo, mama yake angejua la kumfanyia.

Nilimwomba Mwalimu airudie hiyo. Akairudia.

Sasa nikuambie ukweli, maana ndio niliokaa kuuandika. Sikufurahi kama unavyofikiri. Kwanza nililia, ndiyo. Halafu roho ikaniuma upya. Mama yake. Hata hapo hukuandika Peres! Mtoto alikuwa bado hajaiona dunia, na alikuwa na kurasa nzima. Mimi niliyekupikia uji, nikakufua, nikakusikiliza ukikohoa mpaka mwisho, nimo humo kama mtu anayesimama mlangoni. Nina wivu na mwanangu mwenyewe. Nimesema. Nilimwangalia akiwa amelala begani kwangu, amenishika sikio kama kawaida yake, nikamwambia, wewe mdogo, wewe ndiye uliyenichukulia Jumamosi zangu.

Kisha nikajiuliza ungeniambia lini hayo yote. Kwa mdomo hukuwa mtu wa maneno, isipokuwa kwenye mizani. Labda ulihitaji lugha ya watu wengine ili uthubutu. Bado naona ungejaribu na ya kwetu, mara moja tu, nikusikie.

Homa ya mtoto imepungua. Leo ananyonya vizuri na jioni hii nitamfulia gauni jeupe alilopewa na mke wa Ezra. Kesho Pasta akiuliza jina, nitasema Grace, na nitalisema kwa nguvu, si kwa kuogopa mama yako wala kwa kuogopa homa.

Na unajua wanawake wa kambini. Kabla hatujatoka kanisani watakuwa wameshaanza. Mama Grace, njoo mtoni. Mama Grace, kikapu chako kimejaa. Jina nililolifukuza mpaka Kericho na tumbo mbele litarudi kunikalia kichwani mpaka nife. Hapo umenishinda, bwana. Cheka, lakini usicheke sana.

Nakuahidi hivi. Akifika miaka sita ataenda shule, na atakayesema msichana wa nini shuleni atanikuta mimi. Nitampandisha kwenye mizani ya Ezra kila mwaka siku aliyozaliwa, na Ezra ataita uzito wake kwa sauti, atake asitake. Nimemuuliza Mwalimu pia kama mwanamke anaweza kusoma Kiingereza. Akafikiri sana, akasema darasa la wanawake halipo, lakini mlango wa Jumamosi haufungwi. Nitakaa hapo mlangoni, maana ndipo uliponiweka, na tutaona nitakaa hapo muda gani.

Jambo moja zaidi. Kwenye gamba la daftari, chini ya ile sentensi yako ya kitandani, palikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Nilimwomba Mwalimu anionyeshe herufi, nikaandika kwa mkono wangu, kwa Kiingereza, na jasho nililotoa lingetosha kufulia gauni la ubatizo. Nimeandika: Kama Zablon angekuwa hapa, Peres angemgombeza kwanza, halafu angempa uji. Mwalimu alitaka kurekebisha herufi moja, nikamkatalia. Sasa nami nimo humo, kwa jina langu, na nyuma yangu hakuna nafasi ya kuandikwa mwingine.

Pumzika, Baba Grace.

Peres