Gereji Upande wa Mchaichai

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna. Milima ya Usambara imejifunika yote. Ukiangalia kutoka hapa Old Korogwe utadhani haijawahi kuwepo. Hali yangu: sijui. Nikiulizwa habari nasema nzuri, na sioni kama nimedanganya wala kama nimesema kweli.

Leo fundi amekuja kuvuta kamba za gereji.

Ncha ya kamba niliishika mimi. Fundi Mhina aliniambia, "Mama Rehema, nishikie hapo, usilegeze," nikashika, sikulegeza. Akapigilia vigingi, akapima kona kwa kona, akapima tena mpaka akaridhika. Kigingi cha mwisho kimeingia pembeni kabisa ya kichaka cha mchaichai, nyuma ya jiko. Nilikiona kinavyoingia na kamba sikuilegeza hata kidogo. Hilo ndilo linalonishangaza ninapoandika sasa.

Wanaosoma shajara hii ya mtandaoni mara kwa mara wanajua habari za gereji hii, nimewachosha nazo. Kwa mgeni: mume wangu, Baba Rehema, ananunua machungwa vijijini Handeni na kuyauza hapa mjini. Mwaka jana alipata pikapu. Ni kuukuu, lakini ni yake. Inalala nje, jua linaibabua rangi, kuku wa jirani wamehamia kwenye bodi, na machungwa yasiposhushwa jioni, asubuhi yanakutwa yamepungua na hakuna aliyemwona mpunguzaji. Kwa hiyo gereji. Mafundi wanasema banda la gari. Yeye anasema gereji, na akilitamka neno hilo kifua kinavimba kidogo. Simnyimi furaha hiyo.

Kiwanja chetu si kikubwa. Mbele, karibu na barabara, kuna migomba. Hapo ndipo kila mtu alipodhani gereji itakaa: gari linaingia moja kwa moja, ardhi ni tambarare, kazi inakuwa rahisi. Fundi alisema hivyo. Hata mimi, mwalimu wa darasa la tatu nisiyejua lolote kuhusu msingi, nilisema hivyo. Baba Rehema akakaza shingo. Mara migomba inatupa ndizi. Mara pale pana unyevu. Mara vumbi la barabara. Akachagua nyuma ya jiko, ambako pikapu italazimika kuzunguka nyumba nzima na kutoka kinyumenyume. Fundi alinitazama akitaka msaada. Nikamwambia mwenye gari ni yeye.

Ningeweza kusema siku ile. Sikusema.

Nitasema hapa, maana hapa jina langu la kweli halipo, hata Rehema si Rehema.

Kabla ya Rehema nilibeba mimba nyingine. Ilikuwa imekaribia kutimia. Uchungu ukanishika ghafla, mvua inanyesha, maji yamefunga njia, Baba Rehema yuko Handeni kwenye machungwa. Mtoto alizaliwa chumbani kwetu, mikononi mwa mama mkwe na jirani yetu Bi Mwanahawa. Hakulia.

Kwetu mtoto ambaye hakulia hawekewi matanga. Wanaume hawaitwi, wala hawaonyeshwi mahali. Wanawake watu wazima wanamsitiri karibu na nyumba, udongo unasawazishwa, na mama mzazi anaambiwa afunge mdomo, maneno yasije yakafunga uzazi wake. Hawakunifanyia ukatili. Nadhani wao wenyewe waliwahi kufanyiwa hivyo hivyo. Walinipikia uji, wakanikanda kwa maji ya moto, na muda wote walizungumza habari za kuku.

Hawakunionyesha alipo. Lakini dirisha la chumba chetu linatazama nyuma ya jiko, na ingawa walivuta pazia, jembe nililisikia. Udongo ulikuwa umelowa na jembe lilikuwa linatoa sauti nzito, ya kunyonya. Nilipoanza kutoka nje nilikuta pamepandwa mchaichai. Mama mkwe akasema bila kunitazama, "Hapo pasichimbwe. Mchaichai hautaki kusumbuliwa." Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya hapo mpaka tunamzika, mwaka jana.

Baba Rehema aliporudi, mama yake alimwambia kwamba Mungu hakujalia. Akaja chumbani, akakaa miguuni pangu, akanipa pole. Nikasema nimeshapoa. Hakuuliza kitu, nami sikumwambia kitu.

Mchaichai ulistawi. Kila jioni Baba Rehema anachuma majani, anayakunja fundo, anayatia kwenye sufuria, na kila jioni anasema chai bila mchaichai ni maji ya kuoshea vyombo. Mimi natengeneza yangu pembeni, ya tangawizi. Anadhani napenda sana tangawizi.

Bi Mwanahawa amechukuliwa na mwanawe Mazinde. Nilikwenda kumwamkia hivi karibuni, akaitikia marahaba vizuri kabisa, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Kwa hiyo kati ya waliojua nimebaki peke yangu. Nikinyamaza, Jumatatu vibarua watachimba msingi pale, udongo watautupa pembeni, na hakutakuwa na mtu mwingine duniani wa kujua walichotupa.

Haya yote nilikuwa nayajua wakati nimeshika kamba.

Fundi alipomaliza alikigusa kichaka kwa ncha ya kiatu. "Hiki vibarua watakitoa Jumatatu, mama. Usijali, mchaichai unaota popote." Nikasema sawa. Akanywa maji, akaaga, akaenda zake.

Nikakaa kwenye kizingiti cha jiko nachambua mchicha. Nilijaribu kuhisi kitu. Nikawaza kwamba labda zege si baya, litamsitiri, na hakuna jembe litakalogusa pale tena. Nikawaza pia kwamba pikapu inavuja oili. Mawazo yote mawili yalikuja yakapita, na mimi nikaendelea kuchambua mchicha. Nimekuwa hivi kwa miaka. Watu wananisifia kwamba mwalimu fulani ni mtulivu, hana makuu, hapandishi sauti hata darasani. Utulivu gani? Ni ganzi tu, nami nimeshaizoea.

Hapo Baba Rehema akatokea na jembe begani, kandambili miguuni, uso umechangamka. Akasema anataka kumpunguzia fundi kazi. Akatemea mate viganja, akapiga jembe la kwanza pembeni mwa mchaichai.

Sauti ile ninaijua.

"Baba Rehema, acha."

"Kuna bomba hapa?"

"Acha kuchimba. Mtoto yuko hapo."

Nilisema kwa sauti ninayotumia kusema chumvi imekwisha. Alibaki ameinama, jembe limezama ardhini. Kisha akageuza kichwa, lakini hakunitazama mimi. Alitazama mbele ya nyumba, kule ambako kutokea jikoni unaona ncha za majani ya migomba tu.

"Si yuko kule?"

Sikumwelewa. Akarudia taratibu, kama anayemwelekeza mgeni. "Yuko kule kwenye migomba, Mama Rehema. Mimi jembe nililiona."

Akanieleza, ndipo nikaanza kuelewa. Siku ile aliporudi kutoka Handeni alikuta jembe limeegeshwa kwenye mgomba, lina tope bichi. Wale wanawake walilipeleka kule ili walioshe, kwenye pipa la maji ya mvua, wakaliacha. Yeye akahesabu mwenyewe kichwani. Hakumwuliza mama yake, kwa sababu mwanamume haulizi hilo. Mimi aliogopa kuniuliza.

Tangu hapo migomba ile haiguswi na mtu. Kiangazi anaimwagilia yeye mwenyewe kwa ndoo, mtu ambaye hata kikombe chake hasuuzi. Mikungu mingi anaigawa kwa majirani na msikitini. Yeye hali hata ndizi moja ya pale. Nilikuwa nikimtania kwamba ndizi zinamjaza tumbo, anacheka, anaacha nicheke. Mimi nazila. Nimezila miaka yote hiyo, za kuiva na za kupika.

Na gereji hii. Unyevu, vumbi, sijui nini. Aligombana na fundi, akakubali kuzungusha gari nyumba nzima kila siku ya Mungu, ili asimchimbue mwanawe. Na hivyo ndivyo alivyokaribia kumchimbua.

Alikaa juu ya rundo la matofali. Akautazama mchaichai, na nikaona anavyofikia kwenye hesabu ya chai. "Na mimi nimekuwa nachuma," akasema. Nikamwambia mchaichai aliupanda mama yake, na alijua utachumwa, na kama angeona vibaya angemkataza. Sijui kama ni kweli. Nilisema kwa sababu uso wake ulikuwa unanitisha.

Kisha akauliza, "Wa kike au wa kiume?"

Baba wa mtoto. Alikuwa hajui hata hilo.

"Wa kiume."

"Alifanana na nani?"

Nikamweleza kwamba walimfunika haraka, uso sikuuona. Niliona mguu mmoja. Nikamwambia vidole vilikuwa vya baba yake, kile cha pili kirefu kuliko kidole gumba. Sijawahi kumwambia mtu habari za mguu ule. Hata kwenye shajara hii sijawahi kuuandika. Baba Rehema akainamisha kichwa, akaitazama miguu yake kwenye kandambili, na hakuinua kichwa mpaka mchicha wangu ukaisha.

Halafu akaenda kulifukia lile shimo dogo la jembe kwa mikono, akalishindilia kwa kiganja. Akang'oa vigingi. Akaizungusha kamba kwenye kiwiko vizuri, kama fundi alivyoileta. Akampigia simu: "Fundi, Jumatatu usije na vibarua. Njoo peke yako tukae kwanza." Fundi akauliza kuna nini. Akajibu kwamba kuna mambo ya nyumbani.

Mtu angedhani sasa ni rahisi. Upande wa migomba hakuna kitu, haujawahi kuwa na kitu, gereji ihamie kule na gari liingie moja kwa moja kama kila mtu alivyotaka. Yeye naye alidhani hivyo. Alichukua panga akaenda mbele. Nilisubiri kusikia mgomba unaanguka. Akarudi, panga halina hata utomvu, akasema, "Siwezi. Nimeshazoea yuko pale." Nikamwambia basi, yote ibaki. Kwa hiyo hatuna mahali pa gereji. Pikapu iko nje na kuku wamo ndani yake.

Jioni tulikunywa chai ya tangawizi, sote wawili, sufuria moja. Haipendi. Alikunywa akamaliza.

Sikulia leo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu najua wanaosoma watataka niwe nimelia. Yeye alilia kidogo, kule kwenye migomba, nilimwona kupitia dirisha la mbele na nikamwacha. Mimi bado. Lakini mguu uliokufa ganzi ukianza kuachia, huanza na visindano vidogo vidogo vinavyokera kuliko ganzi yenyewe, na tangu alipouliza wa kike au wa kiume nina kitu cha namna hiyo hapa kifuani. Kinauma. Sijakinywea dawa.

Namlaumu mama mkwe? Nimejiuliza. Alifanya alivyofundishwa, na alinipandia kitu cha kunionyesha alipo bila kuvunja amri ya kutonionyesha. Leo ndipo nimeliona hilo, akiwa hayupo wa kushukuriwa. Hasira ninayo, ila haimwangukii yeye. Inaiangukia miaka yote hii ambayo watu wawili wa kitanda kimoja walikuwa wanalinda kaburi moja katika pande mbili za nyumba.

Rehema yuko likizo Kwamsisi kwa mama yangu. Wakati tunaosha vikombe, Baba Rehema akasema Rehema aambiwe. Nikasema watoto hawaambiwi mambo haya. Akasema, "Ndiyo, na wanaume pia hawaambiwi."

Kesho tunakwenda kumchukua, sote wawili, kwenye pikapu. Nimejaribu kupanga nitakavyosema na sipati hata neno la kuanzia. Ninachojua ni kwamba Rehema ni mtoto wa maswali. Akisikia tu kwamba ana kaka, atauliza yuko wapi.

Tutamwonyesha.