Figo Ni Zangu, Mniache Nipande Mpunga

Mpendwa Shangazi Phyllis, naomba unisaidie kumnyamazisha binti yangu, maana tangu Nyawira anipeleke hospitali akasikia ati figo zangu zimeanza kuchoka hanipi amani, kila asubuhi anapiga simu kutoka Ruring'u, "Mum, umemeza tena hizo dawa za mgongo?" na mimi namjibu ndiyo, nimemeza, kwa sababu huku Wang'uru tunapandikiza mpunga tukiwa tumeinama kutwa nzima, na kwa kikundi chetu chai ya asubuhi huja na kifuniko cha thamosi kimejaa tembe za maumivu, kinazunguka, kila mama anachukua zake na kumpitishia jirani, na hivyo ndivyo mashamba yamepandwa miaka yote. Dawa ya presha nameza kila siku, mkojo unatoka, miguu haijafura, sasa figo zinataka nini tena? Nikiacha tembe nitalala kitandani huku wengine wakipanda shamba langu, na hilo sikubali, hata daktari aje na polisi. Mwambie Nyawira akome.

Kabura, Wang'uru

Kabura, pole kwa mgongo, lakini Nyawira hatakoma na mimi simwambii akome.

Mlango wa mfereji unaujua kuliko mimi. Maji yakija kwa nguvu unaubana, yakipungua unaupanua, ili shamba lipate kiasi chake. Figo hufanya vivyo hivyo: presha ikipanda, mshipa mdogo unaoleta damu kwenye chujio hujibana, ikishuka, hupanuka, na kazi inaendelea. Sasa wewe unatoka jasho juani bila kunywa maji, presha inashuka, figo inataka kupanua mlango, na tembe yako inauzuia! Tena baadhi ya dawa za presha hulegeza mlango wa pili, ule damu inapotokea, basi nguvu ya kuchuja inaisha. Usijidanganye na mkojo. Figo huumia kimya, na kikulacho ki nguoni mwako.

Acha tembe za maumivu leo. Ya presha usiiache wala kuipunguza mwenyewe. Beba maji shambani. Wiki hii rudi hospitali na Nyawira, mwonyeshe daktari kila unachomeza, upimwe damu tena, na umdai tiba nyingine ya mgongo. Hakuna aliyekukataza kupanda mpunga. Figo zikifa, mashine ya kusafisha damu ndiyo itakukataza.

Ukaidi wako nimeupenda, usiutupe. Kesho kifuniko kikikufikia, kizuie hapo hapo, wapige kelele wakitaka. Jirani yako naye ana figo.