Sindano Iliyopiga Palepale

Enock, nimeharibu vazi la upadirisho la mtoto wa Mama Hellena! Nina hasira!

Ile programu yangu ya zamani inayoendesha cherehani ya kudarizi haikubali kompyuta mpya. Fahadi, kijana anayenitengenezea kompyuta, akaiwekea kompyuta ya kuigiza, yaani programu inayojifanya kompyuta ya zamani, ndani ya hii mpya. Leo imeshindwa kuigiza ukurasa mmoja wa kumbukumbu, kijisehemu tu cha kumbukumbu ya ile kompyuta ya zamani. Ukurasa mmoja!

Badala ya kusimama na kusema imeshindwa, ikawa inajaribu tena na tena. Sindano inapiga palepale. Palepale! Katikati ya msalaba kuna tundu la kupitisha kidole.

Nikamwita Fahadi. Eti, "Mzee, ni mpangilio tu, niliiambia isikate tamaa."

Isikate tamaa! Nikamwambia, "Mjinga wewe, ikishindwa isimame!"

Hapo Mama Hellena akaingia kuchukua vazi. Upadirisho ni kesho asubuhi. Akashika lile tundu, Fahadi anajieleza, mama hata hakumtazama. Akaniuliza mimi, taratibu kabisa, "Na wewe fundi, sindano inatoboa, ulikuwa wapi?"

Nilikuwa ng'ambo ya barabara, Enock. Nakunywa chai kwa Rahel.