Kwa Baba Yetu Polepole, Fundi wa Pete Nyembamba

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulale usiamke. Mpaka leo mashine ya kukereza ikinguruma kwa jirani, Mama hugeuza kichwa akidhani ni wewe.

Karakanani walikuita Polepole. Walikucheka: fundi gani huyu, asubuhi nzima anafunga tu pete kwenye mashine? Lakini pete zile za pampu ni nyembamba, ukizibana kwa nguvu zinapinda. Wewe ulichonga mataya ya chuma laini, yale meno ya mashine yanayoshika kazi, ukayalinganisha na pete yenyewe, yakaikumbatia pande zote, ndipo ukakaza taratibu. Hata sisi tukihangaika na kifuniko cha chupa ulisema, "Polepole, hakijakukosea kitu."

Ulimsuka kitinda mimba wako bila kumliza, jambo ambalo Mama hajaliweza. Ulikoroma, ukaamka ukakana.

Siku ulipokwenda kung'oa jino, mdogo wako, uliyemfundisha kazi mwenyewe, alishika mashine yako. Haraka ikamzidi. Akaweka mataya magumu matatu, akachomeka bomba kwenye ufunguo wa kukazia ili apate nguvu zaidi, akakaza kwa nguvu zote. Alizipima pete zikiwa bado zimebanwa, akaona duara safi. Zilipoachiwa, zikarudi kivyake, kombo. Hakupima tena. Mteja akarudisha kasha zima, na meneja akauliza nani kaharibu.

"Ni kaka," akasema. "Macho yake siku hizi, mh!"

Na wewe ukanyamaza! Ulileta pete moja nyumbani, ukamwonyesha Mama alama za mataya magumu, ukasema, "Ana watoto wadogo. Yaishe." Hayakuisha, Baba. Ulifukuzwa, ukakaa pale dirishani, chakula hukitaki, mpaka moyo ukasimama. Msibani alilia kutushinda sote, huku akiwaambia watu macho ndiyo yaliyokuponza. Leo anasimama kwenye mashine yako, na mataya yako laini ndiyo yanayompa sifa. Njia ya mwongo ni fupi, eti. Ya huyu mbona haina mwisho?

Ulituomba tunyamaze. Tumejaribu mwaka mzima, tumeshindwa. Utuwie radhi. Jina lako haliwezi kuoza pamoja nawe.

Mdogo wako ameomba aandikwe hapa, kati ya wanaokukumbuka. Tukamjibu: nenda kwanza karakanani, useme mbele ya mafundi nani alikaza. Hajaenda. Bibi, mama yenu nyote wawili, alimtetea: "Ndugu mui heri kuwa naye, mwandikeni." Hatukubishana naye. Tulimpa tu ile pete mkononi. Akaipapasa, kidole kikapita alama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaturudishia pete.

"Basi," akasema. "Mwacheni nje."

Unakumbukwa na mama yako mzazi, mkeo, binti zako watatu na wajukuu wako. Ni hao tu. Kwetu sisi hutasahaulika kamwe, Polepole wetu.