Ukurasa wa Bibi

Safiyah na Umaru,

Maharage yameiva, yapasheni tu. Bibi apewe chai bila sukari, hata akiwabembeleza. Mimi nimewahi gari la Mbarara.

~~Safiyah, andika upya ukurasa wa mwisho wa insha.~~ Hapana. Usiandike upya kitu.

Asubuhi nilikukaripia mbele ya ndugu yako, ukabeba jerikani ukaenda kuchota maji bila kuniaga. Ni kwa sababu ya ile orodha yako ya vyanzo. Chini ya vitabu uliandika: "Habari za ukoo wetu kuvuka mto: nimesikia kwa Bibi Kaudha, naye kwa kaka yake Hudu, aliyekuwepo." Nikapiga mstari mwekundu. Nikasema hii ni insha, si madrasa ya kutaja nani kasikia kwa nani. Chanzo ni kitabu chenye ukurasa.

Bibi alisikia yote. Ulipoondoka akaniambia ulimrudia mara tatu kumuuliza, na mara ya tatu ndipo alipokiri kwamba yeye hakuwepo mtoni, alisimuliwa na Hudu. Miaka ishirini anatusimulia kana kwamba aliyaona kwa macho yake! Na mimi, mwanawe, mwalimu wenu wa hapa nyumbani, sikuwahi kumuuliza, "Nani kakuambia?"

Insha ninayo. Itapigwa taipu huko Mbarara kama ilivyo, ila majina ya Bibi na Hudu nimeyapandisha juu ya vitabu vyote.

Umaru, wewe katika insha yako umenakili aya nzima ya kitabu bila kumtaja mtu. Kaa chini dada yako akufundishe.

Nikirudi, na mimi nitakaa.

Mama